Ushauri: insha za maombi ya MBA, naandika nini bila kurudia CV?

Binti_Newala:
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni msaada, hasa mliosoma MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje au mliowahi kumsaidia mtu kuomba.

Nipo Mtwara, kwenye korosho, nasimamia malipo ya wakulima kupitia AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika. Shahada ya kwanza ni uhasibu, na GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, nimeshafanya, matokeo yananiridhisha. Nalenga Stanford, raundi ya mwanzoni mwa Januari, na INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa. Kinachonikwamisha ni insha. Stanford wanauliza ni jambo gani lina uzito kuliko yote kwako na kwa nini, wanashauri isizidi maneno 650. Ya pili ni kwa nini Stanford, maneno 350. Nimeanza hivi:

"Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya uongozi na kuleta mabadiliko chanya katika jamii. Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu, na ninaamini Stanford itanijengea uwezo wa kutimiza ndoto zangu."

Rafiki yangu anasema ni nzuri. Mimi naiona imepooza. Nikosoeni bila kunionea haya.

Kaka_Fontainebleau:
Dada, macho yako yanaona sawa. Aya hiyo naweza kuichukua nikaweka jina langu na hakuna atakayestuka, na mimi korosho naijua kwenye sahani tu. Mtu wa udahili tayari ana CV yako, alama zako na barua za wadhamini. Uhasibu anaujua. Asichokijua ni unavyofikiri ukibanwa.

Shauku, utoto, uti wa mgongo, vyote toa. Nijibu swali moja hapahapa, haraka, bila kupamba: ni lini kazini ulifanya jambo ambalo hakuna aliyekutuma?

Binti_Newala:
Asante kaka. Kuna msimu malipo ya wakulima wengi yalirudishwa na benki. Mnada umeshapita, mnunuzi kalipa, mkulima hana kitu. Nikachukua daftari la ghala nikalinganisha na orodha ya akaunti, mstari kwa mstari. Kwenye daftari mtu kaandikwa Mohamedi, benki ni Muhamad. Mwingine kapeleka mzigo kwa jina la mume, akaunti ni ya mke. Na wakati huohuo watu wa kangomba, wale wanunuzi wasio rasmi wanaopima korosho kwa bakuli, wanapita vijijini na pesa taslimu. Mkulima aliyelala njaa hawezi kusubiri benki, msimu unaofuata anawauzia hao kwa bei ya kutupa.

Nikapendekeza majina yasomwe hadharani kabla ya mnada, kila mkulima akiwa na kadi yake ya benki mkononi. Bosi wangu alikataa, alisema tutachelewesha mzigo. Nikaomba tujaribu kwenye vyama viwili tu. Msimu ule kwenye vyama hivyo malipo yaliyorudi yalikuwa machache mno, na mwaka uliofuata akaagiza vyote vifanye hivyo.

Kaka_Fontainebleau:
Soma ulichoandika sasa, kisha soma aya yako ya juu. Huyu wa sasa ningependa kukaa naye darasani.

Anzia pale pesa zinaporudi. Msomaji wako yuko California, hajui mnada wala kangomba, kwa hiyo mweleze kwa sentensi moja moja, usimpe historia ya zao zima. Maneno mengi yapeleke kwenye mvutano wako na bosi: alihofia nini, ulimjibu nini, kwa nini ulichagua vyama viwili na si vyote. Hapo ndipo uongozi unapoonekana bila wewe kulitaja neno hilo.

Halafu usiikimbie "kwa nini". Wengi wanasimulia kisa kizuri wanaishia hapo. Kwa nini mtu kupata pesa yake kwa jina lake kunakugusa wewe kuliko mhasibu mwingine aliyeiona orodha ileile? Jibu hilo hatuwezi kukuandikia.

MwalimuKisauni:
Hujambo Binti. Niko Mombasa, huwa nawasomea vijana insha zao. Naongeza machache.

Usichukue ya Stanford ukabadilisha jina ukawatumia INSEAD. Wale wanataka ujieleze waziwazi, ubora wako na udhaifu wako, na tafadhali usiandike kwamba udhaifu wako ni kufanya kazi kupita kiasi. Harvard nao tangu 2024 wanataka insha tatu fupi, moja ya maneno 300 na mbili za 250. Kila shule ina swali lake, lijibu hilo.

Kwa zile 350 za "kwa nini Stanford", usiwanakilie tovuti yao. Na kama utaomba ufadhili wao wa MBA kwa Waafrika, una sharti la kurudi kufanya kazi Afrika baada ya kuhitimu. Mipango yako ndani ya insha iendane na hilo.

Chief_Makumbusho:
Mbona mnahangaika, kuna watu wanaandika kwa malipo, au weka kwenye programu ya akili mnemba dakika mbili imekwisha.

MwalimuKisauni:
Chief, kwa heshima, hapo unampoteza. Ile aya ya shauku tangu utotoni ndiyo hasa atakayoandikiwa. Kisa cha daftari hakuna programu inayokijua. Tena kwenye mahojiano ataulizwa alichoandika. Mtu wa kumsahihishia sarufi, sawa. Wa kumwandikia, hapana.

Binti_Newala:
Nimekaa nayo usiku kucha. Mwanzo mpya, nitauweka kwenye Kiingereza baadaye:

"Korosho zilikuwa zimeuzwa na pesa imeingia, lakini nje ya ofisi ya chama walikaa wakulima ambao malipo yao yalirudishwa na benki kwa sababu ya herufi moja. Bosi wangu hakutaka mzigo mwingine ucheleweshwe. Mimi nilikuwa na daftari mapajani. Siku hiyo nilijifunza maana ya uongozi."

Kaka_Fontainebleau:
Futa sentensi ya mwisho, tatu za kwanza zinatosha. Na bosi usimfanye mtu mbaya. Mzigo kukaa ghalani ni gharama kweli, andika hivyo, ndipo hoja yako itaonekana ilikuwa na upinzani wa maana. Ukimaliza rasimu yote nitumie PM (ujumbe wa faragha), Jumamosi nina nafasi ya kuisoma.