Mji wa Kale wa Mombasa uwekewe vibao na nambari, au tuuache na vichochoro vyake?

Mwana wa Kibokoni (mwanzisha mada)

Juzi baada ya sala ya isha tumekaa barazani, dele la kahawa katikati, akaingia kijana wa boda na mfuko wa dawa. Pikipiki kaiacha barabarani, simu kaishika kama tochi. Akatupita. Akarudi. Akatupita tena, safari hii jasho lamtoka. Mzee mmoja akamuuliza, "Mwanangu, wamtaka nani?" Kijana akajibu, "Ni hapa hapa, simu yasema nimefika." Nyumba yenyewe ilikuwa mgongoni mwetu, kichochoro cha pili, mlango wa mwisho, na ndani yumo bibi mwenye pumu aliyekuwa akiingoja dawa ile tangu magharibi.

Tokea usiku ule baraza imegawanyika. Wako wanaotaka kila kichochoro cha Mji wa Kale kipewe kibao, kila mlango nambari, na vyote viingizwe kwenye ramani za simu. Wako wanaosema hayo ndiyo yatakayowamaliza vijana akili, kwamba mtoto wa Mvita hakuzaliwa na mshale wa buluu mkononi. Mimi vibao nataka, nambari sitaki. Sababu nitazitoa, lakini kwanza nisikie zenu.

Tuktuk wa Majengo

Nambari za nini, yakhe? Mwaka wa 11 huu niko barabarani na ramani sijaifungua hata siku moja. Mteja akitaja Mwembe Kuku, mimi kichwani nimeshafika kabla hajapanda. Hawa wa simu wao ni kufuata tu. Sauti ikisema kata kulia wanakata, hata kama kulia ni ngazi. Muulize kesho yake alipita wapi, hajui.

Mwalimu wa Jiografia, Tudor

Tuktuk, hilo ulilolisema kwa ukali watu wa maabara wamelipima kwa mashine. Dereva wa teksi za jadi za London hapewi leseni mpaka awe ameihifadhi mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross. Ni kazi ya miaka mitatu, minne. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha za ubongo wa madereva 16, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi ni kubwa kuliko ya watu wengine. Hipokampasi ni kijisehemu kilicho ndani ya ubongo, kimejikunja kama farasi wa baharini, na ndicho kinachoshika kumbukumbu za mahali. Wapinzani wakasema labda wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaoupenda udereva. Basi watafiti wakawachukua wanafunzi 79 kabla hawajaanza kuhifadhi, wakawangoja. Walifaulu 39. Kwa waliofaulu sehemu ile ilikuwa imekua, kwa waliofeli haikukua. Matokeo hayo yalitoka 2011.

Ila linalonigusa mimi ni la 2006, walipolinganisha teksi na mabasi. Dereva wa basi yuko jiji lile lile, foleni zile zile, lakini kila siku njia yake ni moja. Kwake ukuaji ule haukuonekana. Kwa lugha ya hapa kwetu, wewe na dereva wa matatu ya Mtwapa hamfanyi kazi moja, ijapokuwa mnatukanana kwenye taa moja.

Na mwaka 2017 watu 24 walipitishwa kwa video katika mitaa ya Soho, London, huku ubongo wao ukipimwa. Walipotafuta njia wenyewe, hipokampasi ilishtuka kila walipoingia mtaa mpya, hasa wenye njia panda nyingi. Walipoambiwa tu wapite wapi, kimya. Mtaa ulipita machoni, ndani haukuingia.

Fundi wa Programu, Nyali

Mwalimu, usituletee nusu ya habari. Madereva hao hao wa London walishindwa na wenzao kuchora upya, baada ya muda, mchoro mgumu waliokuwa wameonyeshwa. Yaonekana ubongo nao una bajeti.

Kijana wa dawa tusimlaumu. Hata chini ya mbingu wazi simu hukosea kwa mita kama tano. Sasa kichochoro cha Kibokoni kina upana gani? Kimoja nilikipima kwa hatua, mbili na nusu ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo hata siku simu inapofanya kazi vizuri kabisa, haiwezi kuapa uko kichochoro hiki au cha jirani. Halafu kuna kuta zenyewe. Simu hujua iko wapi kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kutoka kwenye setilaiti. Yakigonga ukuta wa ghorofa tatu yanadunda, yanachelewa kidogo, na simu inadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Nukta ya buluu inaruka nyumba mbili.

Hapo ndipo jiometri inapoingia na kuharibu zaidi. Programu haiiamini ile nukta peke yake. Inaangusha mstari kutoka kwenye nukta mpaka barabara iliyo karibu kuliko zote kwenye ramani yake, kisha inaivuta nukta ikae juu ya barabara hiyo. Mjini ni hesabu nzuri, maana hutaki gari lionekane linapita sebuleni kwa mtu. Lakini kichochoro ambacho hakuna aliyekichora, kwa programu hakipo. Yule kijana alikuwa anavutwa kurudi kwenye mtaa uliochorwa kila akijaribu kuuacha.

Kutafuta njia fupi nako ni hivyo hivyo. Edsger Dijkstra, Mholanzi wa mambo ya kompyuta, alibuni hesabu yake mwaka 1956 akiwa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, dakika ishirini bila kalamu, akaichapisha 1959. Unaanza ulipo, unafunga kituo kilicho karibu zaidi, yaani njia fupi ya kukifikia umeshaijua, unaangalia majirani zake, unafunga kinachofuata kwa ukaribu, hivyo hivyo mpaka ufike. Safi kabisa. Ila inajua gharama ulizoipa tu. Ukiiambia Likoni ni nusu kilomita ya maji, itakuvusha kwa dakika chache. Hesabu hiyo haijawahi kusimama foleni ya feri saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo ninachosema ni chora. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ipo tangu 2004 na yeyote anaruhusiwa kuchora. Vijana wa Kibera walijichorea mtaa wao 2009, wakati kwenye ramani palikuwa patupu. Kichochoro kikishachorwa, kibao na nambari ni mapambo.

Mama wa Kuze

Naona wanaume mmeshaingia maabara. Mimi kazi yangu ni kuzuru wajawazito majumbani. Mwasema mtu asiyejua ndia si aulize tu barazani. Kwenu kuuliza ni bure. Mimi nikisimama mbele ya wanaume saba na mkoba wangu, kila mmoja ataka kujua naenda kwa nani, mke wa fulani ana nini, mbona mara ya pili wiki hii. Sijafika mlangoni, mtaa mzima umeshajua kwamba fulani ana mimba, na pengine mamake mwenyewe hajaambiwa. Kibao hakiulizi swali. Nipeni kibao, na nambari pia nipeni.

Mgeni kutoka Nakuru

Namuunga mkono Mama. Wiki yangu ya kwanza Mombasa niliambiwa "ni hapo mbele tu" na watu wanne, na kila mbele ilikuwa tofauti. Mwembe Tayari nikasubiri kuona mwembe ndipo nishuke. Nilifika mwisho wa gari.

Tuktuk wa Majengo

Mwembe uko, wewe ndiye hukuuona. Uko kwenye jina.

Mwana wa Kibokoni

Mama wa Kuze kanishika. Nimekaa baraza ile miaka yote nikidhani tunasaidia watu, kumbe wengine wanazunguka mtaa wa nyuma ili tusiwaone. Hilo sikuwa nimelifikiria na silijibu kwa maneno matupu. Kibao kiwekwe kwenye mdomo wa kila kichochoro. Tuktuk, wewe wajua ndia kwa sababu ulipewa miaka 11 ya kupotea. Yule bibi wa pumu hana miaka 11.

Nambari bado sizitaki, na si kwa mapenzi ya ukale. Mwaka 2022 jarida la Nature lilitoa utafiti wa watu 397,162 kutoka nchi 38, waliocheza mchezo wa simu wa kuendesha mashua kwenye mikondo ya maji. Mchezo ulitengenezwa kuchunguza maradhi ya usahaulifu. Waliokulia miji iliyokatwa kama ubao wa drafti, mfano Chicago, walikuwa hafifu kutafuta njia kuliko waliokulia nje ya miji, au kwenye miji iliyojipinda kama Prague. Watu wazima hao, wengine wameshahama zamani, na bado mtaa wa utotoni uko ndani yao. Soma hayo kisha mwangalie mtoto wa miaka saba atokaye chuo cha Kurani Kibokoni, anakata vichochoro vitano kwenda dukani na kurudi na chenji kamili.

Nambari hufaa mahali paliponyooka. Ishirini na mbili iko baada ya ishirini, unahesabu unafika. Kwetu nyumba moja imegawanywa na ndugu wanne, mlango mmoja umezibwa, mwingine umefunguliwa nyuma. Nambari itaruka, na nambari ikiruka, anayeielewa ni simu peke yake. Jina lina kitu cha kushika. Lakini liwe lile linalosemwa. Ndia Kuu imebaki Ndia Kuu kwa Kimvita chake, hakuna aliyeinyoosha ikawa Njia Kuu.

Mama wa Kuze

Haya, jina litanifikisha kwenye kichochoro. Milango iko tisa. Nibishe yote?

Mwana wa Kibokoni

Hapo sina jibu zuri. Labda nambari iwe ya ndani ya kichochoro tu, moja mpaka tisa, isivuke.

Mwalimu wa Jiografia, Tudor

Sasa unazitaka nambari. Na kichochoro chenu cha dawa kinaitwaje, tukiandike?

Mwana wa Kibokoni

Babangu hukiita cha Kisima, kisima kilifukiwa mimi sijazaliwa. Watoto wa chuo hukiita cha Paka. Na vijana wanaokaa pale usiku, kwa sababu ndipo intaneti ya jirani inaposhika, wao ni Kwa Waifai.

Tuktuk wa Majengo

Mimi nakiita Hakipiti Tuktuk.