Tupeane uzoefu: waliowahi kushusha giaboksi ya oto kwenye gari ya zamani

Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa habari za saa hizi. Naanza mimi. Nina Mark II GX100, ikawa kila nikipanda mlima wa Isamilo injini inalia tu gari haiendi, na asubuhi ukiweka R (rivasi) inakaa kama sekunde tano ndo inashtuka. Kuchomoa kijiti cha kupimia oil ya giaboksi, oil nyeusi tii na inanuka kuungua. Nikanunua giaboksi ya mtumba laki sita, kushusha ya zamani siku moja tu, balaa likaja kwenye kupandisha.

Ile toko konveta, lile dude la duara kama chungu linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, lazima iingie kwenye pampu ya oil ya giaboksi mpaka mwisho kabla giaboksi haijasogezwa kwenye injini. Unaizungusha kwa mikono huku unaisukuma, inazama ko, tena ko, tena ko. Fundi alisikia mara mbili akaridhika, giaboksi ikagoma kukaa, imebaki nafasi ya kidole hivi kati yake na injini, akasema bolti zitaivuta. Kweli zikaivuta, na pampu ikapasuka. Kuwasha ni mlio wa vyuma, D haiendi R haiendi. Laki sita imekufa haijatembea hata kilomita moja, niliumia sana jamani.

Nikatafuta nyingine, safari hii mzee mmoja wa Nyakato. Akalaza rula ya chuma kwenye mdomo wa giaboksi akaniita nione toko ilivyozama ndani, na giaboksi ilipokaa akaigusa toko ikazunguka yenyewe bila kubana, ndo akafunga bolti sita za toko moja moja kupitia katundu ka chini huku kijana anazungusha puli ya mbele ya injini kwa spana. Mwaka wa pili huu naenda Musoma narudi.

Karibuni.

Mdau wa Sengerema: Pole sana mkuu. Mi Noah, fundi alishasema giaboksi imekufa ishushwe, bro wangu akakataa akasema kwanza pimeni oil gari ikiwa ya moto, inaunguruma, na mmepitisha gia zote mkarudi P. Kijiti kikatoka kikavu! Sili ya nyuma kwenye propela shafti inavuja. Giaboksi ilikuwa haijaungua bado, tukaweka sili na ATF (oil ya giaboksi ya oto), mpaka leo inadunda. Jamani pimeni kabla hamjashusha.

Dada wa Buzuruga: Mimi ilikuwa rejeta. Oil ya giaboksi inapozwa humo ndani ya rejeta, kibomba chake kikatoboka maji yakaingia, oil ikawa ya pinki nzito kama mtindi. Nikabadilisha giaboksi rejeta nikaiacha, baada ya wiki mbili na hiyo mpya oil ikawa mtindi vilevile. Nililia. Na hata kama rejeta nzima, mabomba yaoshwe, uchafu wa ile iliyokufa unabaki humo.

Mwenye GX100: Asante dada, hilo nilisahau kuandika. Mzee alipuliza mabomba kwa kompresa ikatoka kitu kama masizi, akarudia mpaka ikatoka safi.

Wa Igoma: Nimesoma post ya kwanza nikasimama. Corolla yangu 110 iko juu ya mawe tangu jumamosi, giaboksi imebaki sentimita mbili haikai na fundi alikuwa ananiomba ruhusa akaze bolti. Nimempigia sasa hivi nimemwambia aache kila kitu kama kilivyo. Natoka kazini naenda na rula.