Mawakala wa "kampuni ya Shelisheli", acheni kuwaumiza watu

Wakuu, haya matangazo yamezidi. Tuma pasipoti, lipa dola, baada ya siku chache kampuni yako ya Shelisheli iko tayari, karibu ufungue mgahawa ufukweni. Kampuni utaipata kweli. Huo mgahawa ni uongo wa mchana kweupe, na watu wanaunguza akiba zao.

Wanachouza ni IBC, kampuni ya kimataifa chini ya sheria ya 2016. Mwanahisa mmoja na mkurugenzi mmoja wanatosha, ila lazima upitie wakala mwenye leseni, na ada ni ya kila mwaka. Usipolipa, kampuni inafutwa kwenye daftari. Cheti hicho peke yake hakikuruhusu kuuza hata chupa ya maji pale Mahé, kisiwa kikuu!

Anayetaka biashara ya pale pale kisiwani anasajili jina au kampuni kwa msajili, mji mkuu Victoria, na hapo hata nusu ya safari hajafika. Shughuli nyingi zinadai leseni ya Mamlaka ya Leseni, na leseni haitoki hivi hivi: jengo liwe na idhini ya Mamlaka ya Mipango kwa matumizi hayo hayo, na kama ni chakula, watu wa afya waridhike na jiko, vyoo, maji taka na sinki ya kunawia mikono.

Pesa inapotelea hapa. Mtu anapanga nyumba ya kuishi ili aigeuze mgahawa, anasaini mkataba wa miaka, anaweka amana, anaagiza majokofu kwa meli, halafu ndipo anasikia kwamba kubadili matumizi ya jengo ni ombi la peke yake. Kodi ya pango inahesabiwa kila mwezi na mlango umefungwa. Kwa hiyo ulizeni Mamlaka ya Mipango KABLA ya kusaini. Mwenye nyumba akikuharakisha, mkataba uandikwe wazi: pango linaanza leseni ikitoka, na ombi likikataliwa amana inarudi yote. Asipokubali, ondoka.

Kwa mgeni kuna zaidi. Zipo shughuli walizotengewa wananchi peke yao, nyumba ndogo za wageni zikiwemo. Na kumiliki hisa si ruhusa ya kufanya kazi: ukisimama kaunta bila kibali cha kazi umevunja sheria, hata kama duka ni lako. Wanaowashauri watu "tafuta mwenyeji aandikwe yeye" ndio wabaya kuliko wote. Karatasi zitasema biashara ni yake, na mkigombana utadai kwa ushahidi gani?

Kodi nayo mawakala hawaigusii kabisa. Biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi rupia milioni 1 kwa mwaka inatozwa 1.5% ya mauzo. Ya mauzo, si ya faida. Ukila hasara, unalipa vilevile. VAT ni 15%, na bidhaa nyingi zinakuja kwa meli, kwa hiyo gharama ya mzigo kontena likifika si ile bei uliyoiona kwa muuzaji.

Mawakala mliomo humu, jibuni hapa hapa: kwenye tangazo lenu, leseni, idhini ya jengo na kibali cha kazi mmevitaja mstari gani?