Mimi ni nesi wa kiume, na hakuna masomo yaliyonishinda. Nimechoka!

Wakuu, salaam.

Nimetoka zamu ya usiku na hasira zangu, na nisipoyasema haya sitapata usingizi.

Usiku kucha nilikuwa na mzee mmoja aliyepooza upande. Kila baada ya saa mbili namgeuza, nampangusa mgongo, nakagua nyonga na visigino kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Kidonda cha kulalia huanzia hapo, na kikishachimba, kukiponya kunaweza kuchukua miezi. Asubuhi mwanawe akaja, akamkuta baba yake mkavu, shuka safi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Ahsante sana, daktari." Nikamwambia mimi ni nesi. Akaniachia mkono palepale, akanitazama juu hadi chini. "Sasa kaka, masomo yalikushinda au?"

Yalinishinda! Mgongo wa baba yake niliupangusa mimi yuleyule. Alama zangu zilitosha kwenda kwingine, na hata zisingetosha, mzee angehitaji kugeuzwa vilevile.

Na si yeye tu. Mjomba wangu akinitambulisha kwa watu anasema "huyu yuko hospitali" halafu ananyamaza, kana kwamba neno nesi litamchafua mdomo. Wengine wanauliza nitapanda lini niwe daktari. Jamani, uuguzi si ngazi ya kupandia udaktari! Ni fani yenye shahada zake, hadi ya uzamivu. Huko wodini nako, walewale wanaosema hii ni kazi ya wanawake, akitokea mgonjwa mzito au aliyechanganyikiwa anayerusha ngumi, wa kwanza kuitwa ni mimi: "Wewe mwanaume, njoo umshike." Kumshika ni uanaume, kumwosha ni aibu.

(Mama akikataa nisimwekee mrija wa mkojo, hilo sina ugomvi nalo hata kidogo. Mwili ni wake, namwita mwenzangu wa kike.)

Tena mtu asiniambie ndivyo ilivyokuwa tangu dunia iumbwe. Camillus de Lellis alikuwa askari, akaacha vita, akaanzisha Roma shirika la wanaume la kuuguza wagonjwa. Papa aliliidhinisha mwaka 1586. Wanaume hao walikuwa wanaosha vidonda zaidi ya karne mbili kabla Florence Nightingale hajafungua shule yake ya uuguzi London mwaka 1860. Baadaye ndipo wanaume wakafungiwa mlango. Uingereza ilipoanzisha daftari la wauguzi kwa sheria ya 1919, wanaume waliwekwa kwenye orodha yao ya pembeni. Jeshi la Marekani liliunda kikosi chake cha wauguzi mwaka 1901, na mwanaume hakupewa cheo humo hadi 1955. Joe Hogan alinyimwa nafasi ya kusomea uuguzi kwenye chuo cha serikali huko Mississippi kwa sababu tu ni mwanaume, akafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1982 alishinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura moja! Watu waliketi wakaandika hizo sheria kwa mikono yao, leo mnaniambia ni maumbile.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba na mimi niliwasaidia. Miaka mitatu ya kwanza sare yangu niliibeba kwenye begi, nikaivalia kazini ili njiani nisiulizwe. Nikiulizwa kazi yangu, najibu "niko sekta ya afya". Nilikuwa nawasitiri mjomba na wenzake dhidi ya kazi ninayoipenda. Sasa naivaa kuanzia nyumbani.

Yule kijana atarudi jioni kumwona baba yake, nami nitakuwa zamu. Nataka kumwonyesha namna ya kumgeuza, maana wakiruhusiwa kwenda nyumbani atakayefanya kazi hiyo ni yeye, na ni mwanaume.

Manesi wa kiume mliomo humu, ndugu zenu mliwajibu nini?