Harris County, Texas: malipo ya nyumba yamepanda dola 1,350 kwa mwezi, naombeni ushauri

BabaZuhura (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa mlionunua nyumba Houston na vitongoji vyake, hasa mliokaa Harris County muda mrefu.

Agosti 2024 mimi na mke wangu tulinunua nyumba mpya kutoka kwa mjenzi, upande wa Cypress, nje ya mipaka ya jiji. Malipo ya mwezi yalikuwa dola 2,310, mkopo, bima na kodi vyote humo humo. Hatujawahi kuchelewa. Wiki iliyopita imekuja barua ya kampuni ya mkopo kwamba akaunti ya eskro, ile wanayowekea akiba ya kodi na bima, ina upungufu wa dola 8,100, na kuanzia Aprili tutalipa 3,660. Riba yetu ni ya kudumu, mkataba nimeusoma tena. Nimepiga simu, aliyepokea akasema tu ni kodi. Kodi gani hiyo inapanda namna hii ndani ya mwaka? Mimi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mke wangu anahudumia wazee. Hizo 1,350 hatuna.

Jingine. Tunataka kujenga kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba, nguzo nne na paa la bati, wageni wakija tuchome nyama bila kujaza moshi ndani. Jirani anasema HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa, watanipiga faini, na nisipolipa watauza nyumba. Ni kweli?

DadaNeema

Pole sana kaka. Kabla ya yote niambie: tarehe 1 Januari 2024 hapo kwako palikuwa na nini? Nyumba, au kiwanja tu?

BabaZuhura

Kiwanja kitupu dada. Zege la msingi walimwaga Machi, picha ninazo.

DadaNeema

Basi jibu liko hapo. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule, kaunti, hospitali za umma na mifereji ya mafuriko vinategemea sana kodi ya majengo. Na kodi hiyo huangalia mali ilivyokuwa tarehe 1 Januari ya mwaka husika. Kodi yako ya 2024 ilikuwa ya kiwanja. Kampuni ya mkopo ikachukua bili hiyo ndogo, ikaigawa kwa 12, ikaendelea kukukata kiasi hicho hicho.

Ilipofika 1 Januari 2025 nyumba imesimama, na bili ya mwaka huo ikaja nzima. Tuseme ofisi ya tathmini, HCAD, waliipa thamani ya dola 338,000, na viwango vyote vya eneo lako vikijumlishwa ni asilimia 2.9. Hiyo ni kama 9,800. Kwenye eskro ulikuwa na 1,700 hivi za kodi. Ukitoa unapata 8,100 yako ile ile.

Ndiyo maana ongezeko linaonekana kubwa hivyo. Dola 675 ni kodi halisi ambayo ungeilipa kila mwezi tangu mwanzo kama wangekadiria nyumba. Dola 675 nyingine ni kufidia mwaka uliopita kwa miezi 12, kisha zinaondoka. Waombe kwa maandishi wagawe deni hilo kwa miezi 24 au zaidi, wapo wanaokubali. Ukiwa na akiba kidogo unaweza pia kulipa sehemu ya upungufu kwa mkupuo, malipo ya mwezi yakashuka papo hapo.

Sasa swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: umejaza Homestead, ule msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe?

BabaZuhura

Kuna barua ilikuja ikitaka pesa tuandikishwe hiyo homestead. Ina nembo kama ya serikali. Nikaona ni matapeli, nikaichana.

DadaNeema

Ulifanya vema kuichana. Barua hizo hutumwa na makampuni binafsi kwa kila anayenunua nyumba, kwa sababu hati za umiliki ziko wazi kwa umma. Wengine hukuuzia nakala ya hati yako mwenyewe ambayo ofisi ya karani wa kaunti inatoa kwa ada ndogo tu. Lakini msamaha wenyewe upo, na ni BURE. Unaomba HCAD moja kwa moja, mtandaoni au kwa fomu namba 50-114.

Masharti: nyumba iwe kwa jina lako, uishi humo kama makazi yako makuu, na leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas kiwe na anwani ya nyumba hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, leseni bado inasoma apatimenti ya zamani. Badilisha anwani kwenye tovuti ya DPS, idara ya jimbo inayotoa leseni, ada ni dola 11, kisha ndiyo uombe.

Unachopata: kuanzia mwaka wa kodi 2025, dola 140,000 za thamani ya nyumba hazitozwi kodi ya shule. Wapiga kura walipitisha hilo Novemba 2025, kabla yake ilikuwa 100,000. Kiwango cha shule kikiwa dola 1.10 kwa kila mia, hapo umeokoa 1,540 kwa mwaka. Harris County nayo inapunguza asilimia 20 ya thamani kwa kodi yake. Halafu kuna kikomo: kuanzia mwaka unaofuata ule wa kwanza wa msamaha, thamani inayotozwa kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, labda uongeze jengo.

Na usidhani 2025 imekupita. Sheria inaruhusu kuomba hata ukiwa umechelewa, hadi miaka 2 baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka huo huhesabiwa imecheleweshwa, yaani 1 Februari ya mwaka unaofuata. Omba 2025 sasa. Wakikubali, bili inarekebishwa na kilichozidi kinarudishwa. Kisha, na hili watu hawalifanyi, ipigie kampuni ya mkopo na uwatake wapige upya hesabu ya eskro kwa bili mpya. Wasipoambiwa wataendelea kukukata kwa ile ya zamani mpaka mapitio ya mwaka ujao.

MkaziWaKaty

Dada kamaliza upande huo. Mimi naongeza suala la kupinga thamani, maana msimu ndio huu. Barua za thamani mpya huanza kufika mwishoni mwa Machi na Aprili. Mwisho wa kupinga ni 15 Mei, au siku 30 tangu barua itumwe, ile inayochelewa zaidi. Kupinga ni bure, unajaza kwenye tovuti ya HCAD kwa namba iliyo kwenye barua yako. Mara nyingine wanakupa thamani mpya hapo hapo mtandaoni, ukiridhika unakubali na yameisha. Usiporidhika unazungumza na mthamini wao, na mkishindwana mnakwenda mbele ya bodi ya mapitio.

Texas bei ya mauzo si taarifa ya umma. HCAD hawajui ulinunua kwa kiasi gani mpaka mtu awaambie. Kama ulilipa PUNGUFU ya thamani yao, karatasi ya kufunga mauzo ndiyo ushahidi wako mkubwa. Kama ulilipa zaidi, acha hiyo, linganisha na majirani: kwenye tovuti yao unaona thamani ya kila nyumba ya mtaa wako na ukubwa wake. Tafuta tano au sita za mjenzi yule yule, gawa thamani kwa futi za mraba, uone kama wewe umewekwa juu. Waombe pia ushahidi wao kabla ya kikao, wanapaswa kukupa angalau siku 14 kabla.

Wapo mawakala watakaokufanyia yote haya kwa asilimia ya utakachookoa. Wengine wazuri. Ila nyumba ya mwaka mmoja katika mtaa wa nyumba zinazofanana ndiyo kesi nyepesi kuliko zote, ifanye mwenyewe.

BabaZuhura

Nashukuru sana. Kwenye bili naona pia MUD, peke yake ni zaidi ya dola 1 kwa kila mia. Hiyo nayo inapingwa?

MkaziWaKaty

Kiwango hakipingwi, unapinga thamani tu. MUD ni wilaya ya maji na maji taka. Uko nje ya jiji, kwa hiyo mabomba na mitaro ya mtaa wenu yalijengwa kwa hati za mkopo ambazo nyinyi wakazi mnazilipa kupitia kodi. Mtaa ukiwa mpya kiwango huwa juu, na kwa kawaida hushuka nyumba zikiongezeka na deni likipungua. Mikutano ya bodi yao iko wazi kwa umma, na wanaopiga kura kuwachagua ni wakazi wenye uraia, kwa hiyo ukipata uraia usiipuuze kura hiyo. Angalizo moja: MUD nyingi na baadhi ya wilaya za shule hutuma bili zao peke yao, si kwenye bili ya kaunti. Hakikisha kampuni ya mkopo imelipa ZOTE kabla ya 31 Januari. Februari adhabu na riba ni asilimia 7 tayari, na Julai gharama za ukusanyaji zinaweza kuongeza hadi 20.

FundiBomba

Kuhusu kibanda. Usinunue hata nguzo moja kabla HOA hawajakujibu kwa maandishi. Wana kamati ya usanifu: peleka mchoro, vipimo, rangi na aina ya paa. Bati linalong'aa mara nyingi hukataliwa, bati la rangi au paa linalofanana na la nyumba hupita kirahisi. Wakikataa lazima waseme sababu kwa maandishi, na una haki ya kusikilizwa.

Kisha toa ramani ya upimaji uliyopewa siku ya kusaini. Utaona mistari ya vidoti nyuma ya ua. Huo ni ukanda wa huduma, chini yake kuna gesi, umeme au intaneti, usijenge hapo. Kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo piga 811, angalau siku 2 za kazi kabla. Ni bure, wanakuja kupaka rangi ardhini kuonyesha nyaya na mabomba. Uko nje ya jiji, kwa hiyo kibali uliza ofisi ya mhandisi wa kaunti.

Na maji ya paa yasimwagike kwenye msingi wa nyumba. Udongo wa huku ni mfinyanzi mzito, ukilowa unavimba, ukikauka unanywea na kuacha nyufa unazoweza kuingiza kiganja. Upande mmoja ukilowa na mwingine ukakauka, msingi unapinda, milango inaanza kukataa kufunga. Nimeingia nyumba nyingi za hivyo.

Mama Imani

Kuhusu HOA kuuza nyumba: wanaweza, lakini si kwa urahisi jirani anavyosema. Sura ya 209 ya sheria ya mali ya Texas inawabana. Hawawezi kuuza kwa ajili ya faini peke yake, lazima kuwe na ada zisizolipwa, na lazima wapate amri ya mahakama. Kabla ya faini wanatakiwa kukutumia barua ya rejista na kukupa nafasi ya kujieleza. Ukidaiwa ada, omba mpango wa malipo, HOA yenye viwanja zaidi ya 14 inapaswa kukupa angalau miezi 3. Hata wakiuza, una siku 180 za kuikomboa nyumba. Kwa hiyo barua zao usizirundike bila kufungua, jibu kila moja kwa maandishi.

Lakini Baba Zuhura, mbona hujataja bima ya mafuriko? Unayo? Bima ya kawaida ya nyumba HAILIPI mafuriko.

BabaZuhura

Sina mama. Aliyetuuzia alisema hatuko kwenye eneo la mafuriko.

Mama Imani

Mwanangu, nisikilize. Kimbunga Harvey cha 2017 kiliingiza maji nyumba zipatazo 154,000 katika kaunti hii, na takriban theluthi mbili yake zilikuwa nje ya eneo la mafuriko lililochorwa kwenye ramani. Hapa ardhi ni tambarare, mvua ikikaa juu yetu siku nne maji hayana pa kwenda. Nilisaidia kutoa mazulia na kukata kuta za jipsamu kwa majirani waliokuwa wameambiwa maneno hayo hayo. Harufu yake sijaisahau.

Nje ya eneo hilo bima mara nyingi huwa nafuu zaidi. Mpango wa bima ya mafuriko wa serikali ya shirikisho unalipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na vitu vya ndani unavikatia kivyake. Kinachowaponza watu ni muda: ukinunua leo inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni. Kwa hiyo iwe imelipwa kabla Mei haijaanza. Ingia pia tovuti ya Harris County Flood Control District uangalie ramani ya mtaa wako, na ujue kipimo cha maji kilicho karibu nawe kwenye Cypress Creek, mvua ikinyesha usiku unakitazama kwenye simu.

Lukuga77

Samahani mleta mada, nadandia. Mama yangu ana miaka 67, anaishi nyumba yake Alief, imethaminiwa 190,000. Tumetoka Kongo 2012. Kuna nafuu ya wazee?

DadaNeema

Ipo, na ni kubwa. Aliyefika 65 anaongezewa dola 60,000 juu ya zile 140,000, jumla 200,000 kwa kodi ya shule. Kwa thamani hiyo mama yako kodi ya shule anapaswa kulipa SIFURI. Na siku ikija ya kulipa, kiasi chake cha shule kinagandishwa, hakipandi labda aongeze jengo. Kodi zilizobaki anaweza kulipa kwa awamu 4 bila adhabu, Januari, Machi, Mei na Julai. Akizidiwa kabisa anaweza kuahirisha, ila riba ya asilimia 5 kwa mwaka inaendelea na deni linabaki juu ya nyumba, hivyo mkubaliane kwanza kama familia.

Hakikisha kitu kimoja: nyumba iko kwa jina la nani? Familia nyingi za kwetu mtoto ndiye anasaini mkopo na mama ndiye anakaa. Jina la mama lisipokuwepo kwenye hati, hapati chochote kati ya hivi.

Lukuga77

Hati ni ya kaka yangu. Anakaa Dallas.

DadaNeema

Basi kwa sasa nyumba hiyo haina Homestead ya mtu yeyote, maana kaka haishi humo. Msibadilishe hati kwa haraka, kama kuna mkopo lazima kampuni ijue, na kuna mambo ya urithi. Mpigieni Lone Star Legal Aid au Houston Volunteer Lawyers, wanasaidia bure wenye kipato kidogo. Mwende na hati, bili ya mwisho ya kodi na kitambulisho cha mama chenye anwani ya hapo.

BabaZuhura

Wakuu, leseni nimebadilisha anwani leo asubuhi kabla sijalala, na mke wangu kabadilisha yake. Maombi ya 2025 nimetuma HCAD. Mama Imani, wakala wa bima ananipigia kesho saa nne, nimwulize nini zaidi ya bei?

Mama Imani

Mwulize kama inajumuisha vitu vya ndani, kiwango unachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na tarehe kamili inapoanza kufanya kazi. Akuandikie vyote vitatu kwa barua pepe.