Mjadala: Je, majaribio ya eksepsheni yahamishwe na programu?

Mleta mada: Ndugu wachangiaji, mradi wetu wa Java unahama kutoka JUnit 4 kwenda JUnit 5, matoleo ya maktaba ya kuandikia majaribio ya msimbo, na majaribio mengi bado yanatangaza eksepsheni (ishara ya kosa inayorushwa na msimbo) inayotarajiwa juu ya methodi nzima, yaani itoke popote ndani ya jaribio. Napendekeza programu iyageuze yote kwa mkupuo mmoja yatumie assertThrows, inayokagua kwamba kipande cha msimbo inachopewa kinarusha eksepsheni hiyo, maana kuyarekebisha kwa mkono ni shughuli ya watu wasio na kazi.

Mchangiaji wa pili: Mimi niliyarekebisha ya kwetu kwa mkono, na kazi ninayo, ahsante. Jaribio moja lilifungua akaunti, likaweka fedha, kisha likatoa fedha kupita salio. Miaka yote tulisadiki kwamba IllegalArgumentException, eksepsheni ya thamani isiyofaa, inatoka kwenye kutoa fedha, kumbe ilitoka kwenye kufungua, kwa kuwa namba ya akaunti ilikuwa tupu. Programu yako ingeifunga mistari yote mitatu ndani ya lamda moja, yaani kile kipande cha msimbo kinachopewa assertThrows, na taa ya kijani ya jaribio lililofaulu ingeendelea kuwaka.

Mleta mada: Sikumlenga mtu. Hata hivyo, kosa hilo lilikuwepo kabla ya uhamisho, kwa hiyo programu isisingiziwe.

Mchangiaji wa pili: Hakuna aliyeisingizia. Nimesema ingelificha, na aliyesoma angeona tofauti.

Mchangiaji wa tatu: Mnavutana juu ya nani ana kazi, ilhali ExpectedException, njia nyingine ya JUnit 4 ya kutangaza eksepsheni inayotarajiwa, ambayo kama sikosei ilikuja na JUnit 4.7, ina balaa kubwa zaidi: mstari ulio chini ya ule unaorusha eksepsheni haufikiwi kamwe. Nilikuta ukaguzi wa salio umekaa hapo chini na haujawahi kutekelezwa. Nilipogeuza jaribio litumie assertThrows na kuuacha ukaguzi huo nje ya lamda, ukatekelezwa kwa mara ya kwanza, na ukafeli papo hapo.

Mchangiaji wa nne: Kwani lazima mhame? Hiyo assertThrows imo pia katika JUnit 4.13 ya mwaka 2020, mradi mna Java 8 kwa ajili ya lamda. Badilisheni ukaguzi kwanza, toleo lifuate baadaye.

Mleta mada: Hilo sikulifikiria. Basi programu igeuze majaribio yenye mstari mmoja tu, ambayo hayana pa kuficha kitu.

Mchangiaji wa pili: Hapo tunaelewana. Na yale yenye mistari mingi, atakayekaa kuyasoma ni nani, kama si hao wasio na kazi?