Mbwa katika parseli ya mteremko: kinyesi chake kiende wapi?

Mpangaji wa Muhungu anauliza:

Ndugu zangu wa Bukavu, ninawasalimu. Mwenye nyumba ameturuhusu kuleta mbwa wa kulinda parseli, yaani kiwanja tunachoishi, kwa sababu wezi wamezoea kupanda ukuta wetu nyakati za usiku, na shemeji yangu anayeishi Bagira ametuahidi mtoto mmoja wa mbwa wake atakapoachishwa kunyonya. Watoto wameshampa jina. Mimi nina swali ambalo nyumbani linachekwa: kinyesi chake tutakipeleka wapi?

Tuko familia tatu katika parseli moja, tunatumia choo kimoja cha shimo, na hatuna hata kipande cha bustani. Uwanja wetu umeinamia upande wa ukuta wa mawe unaozuia udongo, na chini ya ukuta huo anaishi jirani yetu, mama mwenye wajukuu wadogo, ambaye amepanda mboga za lengalenga palepale yanapoangukia maji ya mvua yanayotoka kwetu. Sitaki tukosane naye kwa sababu ya mbwa. Je, nichimbe shimo kando ya ukuta? Nitupe chooni? Mpangaji mwenzangu anadai kwamba tumpe jirani awekee lengalenga zake, kwa kuwa mavi ya ng'ombe na ya mbuzi huwekwa shambani siku zote na hakuna anayelalamika.

Mama wa Chini ya Ukuta anajibu:

Mwanangu, umefanya vema kuuliza kabla mbwa hajafika, maana sisi tunaoishi chini huulizwa tukiwa tumeshakasirika. Mimi ninakaa Kadutu, na juu yangu kuna parseli zenye mbwa. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, ninajua tu kwamba wapo kwa kuwa ninawasikia wakibweka. Mvua za Septemba zikianza, yote yaliyokauka huko juu hunishukia kwa siku moja, mbele ya mlango, mahali ninapooshea sahani.

Kwa hiyo neno langu la kwanza linahusu saa, shimo litafuata. Mvua yetu mara nyingi hushuka baada ya mchana. Okota asubuhi kabla hujaenda kazini, kisha okota tena jioni, na mawingu yakianza kukusanyika mapema, mtu aliyebaki nyumbani azunguke uwanja mara moja zaidi. La pili ni mahali. Mchagulie mbwa pembe ya upande wa juu, mbali na ukuta, umpeleke hapo kila anapoamka na kila anapomaliza kula, umsifu anapofanya, naye atapazoea akiwa bado mdogo. Na kabla hujamleta, shuka umsalimu huyo mama, umweleze. Ikitokea siku kitu kimepita, atakuita kwa jina badala ya kupeleka maneno kwa chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa.

Veterineri wa Ibanda anajibu:

Ninayaunga mkono maneno ya Mama, nami nitaongeza sababu zake, kwa kuwa watu huokota vizuri zaidi wanapojua wanachookota.

Kuhusu mbolea, jibu ni hapana. Ng'ombe na mbuzi hula majani. Mbwa hula nyama na makombo ya mezani, na tumboni mwake hukaa minyoo inayoweza kumwingia binadamu. Mmoja wao, Toxocara canis, hutaga mayai yasiyoonekana kwa macho, ambayo hushika udongo, majani ya mboga na vidole vya mtoto anayecheza chini. Mtoto akiyameza, mabuu yake hutangatanga mwilini, kwenye ini, mapafu, na mara nyingine hata ndani ya jicho. Lakini kuna jambo moja linalotusaidia sana: mayai yaliyotoka leo bado hayawezi kumwambukiza mtu. Yanahitaji kukaa nje kama wiki mbili au zaidi ndipo yakomae, na yakishakomaa yanaweza kuishi udongoni kwa miaka. Anayeokota kila siku anaondoa kitu kabla hakijawa hatari. Anayengoja hadi Jumamosi ya usafi anaacha mvua ikitawanye, na kilichotawanywa hakiokoteki tena. Minyoo ya safura ina haraka zaidi: katika joto na unyevu mabuu yake huwa tayari kwa muda wa kama wiki moja, nayo hupenya ngozi ya mguu mtupu.

Msidharau kinyesi cha mtoto wa mbwa kwa sababu ni kidogo. Toxocara humwingia akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha kwa maziwa pia, hivyo karibu kila mbwa mchanga anayo. Apewe dawa ya minyoo akiwa na wiki mbili, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi afikishe wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Muulize shemeji yako amefika wapi na dozi hizo. Chanjo ya kichaa cha mbwa atapewa akiwa na miezi mitatu, na hiyo haina mjadala.

Kuhusu maji ya javel, yaani dawa ya klorini ya kusafishia, ninaona watu wakiyamwaga uwanjani kwa imani kubwa. Hayaui mayai ya minyoo hiyo. Juu ya saruji, baada ya kuokota, maji yanayochemka yanafanya kazi nzuri zaidi. Tena javel ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kubana kifua, hasa ndani ya kibanda cha mbwa kisichopitisha hewa.

Sasa shimo. Usichimbe kando ya ukuta. Maji yataingia humo, udongo wetu wa mfinyanzi utalainika na kusukuma mawe, na katika mji ambao udongo huporomoka kila masika sihitaji kueleza yanayofuata. Choo cha shimo kinafaa, ilimradi mtupe kinyesi peke yake bila mfuko, kwa sababu plastiki haiozi na siku ya kunyonya choo ndiyo inayoziba bomba. Kama wenzako wanaogopa choo kujaa, chimba shimo dogo upande wa juu wa uwanja, mbali na chemchemi yoyote, uzamishe ndani yake pipa la zamani lililotobolewa chini, na ulifunike kwa kifuniko kizito.

Wenye paka nao wasikilize kidogo: vimelea vya Toxoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka, hukomaa ndani ya siku moja hadi tano, kwa hiyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, na mama mjamzito asiwe yeye anayelisafisha.

Mzee wa Bagira anajibu:

Nimefuga mbwa tangu enzi za Zaire, na kule Walungu nilikozaliwa sijawahi kumwona mtu akitembea nyuma ya mbwa na beshe, yaani sepeto, mkononi. Tulikua, tukazaa, tuko hai. Leo maji hayatoki bombani, umeme unakatika kila jioni, nanyi mmekaa mnajadili mavi ya mbwa ambaye hata hajazaliwa vizuri.

Yaya wa Nguba anajibu:

Mzee wetu, usinikasirikie, lakini mifano yako yote miwili inatuunga mkono. Maji yasipotoka bombani, watoto hutumwa kwenye chemchemi na ziwani Kivu, yaani kule chini ambako mvua hupeleka uchafu wa viwanja vyetu. Na umeme: mtu anayefunga kinyesi ndani ya kifuko cha plastiki na kukirusha kwenye mtaro anafikiri kimeisha hapo, kumbe mtaro huenda ziwani, maji ya ziwa huondoka kwa kupitia mto Ruzizi, na taka za plastiki zinazofika kwenye bwawa la umeme la Ruzizi huziba mitambo hadi mafundi wazitoe. Kule Walungu mbwa alikuwa na kilima kizima. Huku kwetu ana hatua chache tu, kisha ni mlango wa mtu.

Mimi ninaokotea kwa karatasi ya daftari kuukuu au jani la mgomba, na vyote viwili huenda shimoni pamoja na mzigo wake bila shida. Ninaongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Sentineli ameajiriwa kulinda lango; ukitaka aokote pia, patana naye mapema, umpe glovu na beshe ya kazi hiyo peke yake, usimwachie aikisie. Na usimfungulie mbwa alfajiri ili akajisaidie avenyuni. Kufanya hivyo ni kuuhamisha uchafu kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa majirani wote, na wanafunzi wanaopita wakienda shule hawajui kama mbwa wako anacheza au anauma. Atoke akiwa na kamba, na mkono wako mwingine uwe na karatasi.

Mtoto wa Bukavu Ugenini anajibu:

Kwa wale wanaodhani kwamba Ulaya serikali humwokotea mtu: Paris walijaribu. Kuanzia mwaka 1982 pikipiki za manispaa zilipita zikinyonya kinyesi cha mbwa kando ya barabara, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango huo ukaachwa. Ulikuwa na gharama kubwa, na uchafu mwingi ulibaki palepale. Leo mwenye mbwa asiyeokota hutozwa faini.

Mpangaji wa Muhungu anaandika tena:

Ninawashukuru, pamoja na Mzee wetu. Jana nilishuka kwa jirani. Kumbe alishasikia habari za mbwa kutoka kwa watoto, na alikuwa akitungoja. Ameomba jambo moja tu, kwamba bomba la maji ya paa letu ligeuzwe lisimwagikie uwanjani, kwa sababu ndilo linalosukuma kila kitu kuelekea kwake. Mwenye nyumba amekubali kununua bomba, nasi tutalipa fundi. Tumepatana pia nyumbani kwamba kila familia itaokota kwa wiki yake. Limebaki swali moja: majivu ya makaa yanatosha kufunikia shimoni?

Veterineri wa Ibanda anajibu:

Yanatosha kupunguza harufu na nzi, kwa hiyo nyunyiza kila unapotupa. Mayai ya minyoo hayauawi na majivu. Kinachowalinda ninyi ni kifuniko na kutolitapisha pipa likijaa. Likikaribia juu, acheni nafasi ya kiganja kimoja, jazeni udongo, mchimbe jingine. Hilo la bomba la paa fanyeni kabla ya mbwa kufika.